Perogi za Darlene Hazimlipi Blaine

Tangu aolewe katika mji wa Krasne, Darlene Hrycay hakuwahi kukosekana kwenye jiko la ukumbi wa mji wakati wa vuli. Wanawake huizunguka meza wakifinya perogi, vibunda vya unga vyenye viazi na jibini ndani, ili chakula kiuzwe na timu ya mji ya hoki ya barafuni ipate kucheza majira ya baridi. Alifinya akiwa mjamzito, akafinya wiki aliyomzika mumewe. Hakunung'unika, kwa sababu fedha zile ziliwalea vijana: kocha wao, safari zao, barafu yao ya mazoezi.

Mwaka huu Orest, shemeji yake na mwenyekiti wa timu, aliingia jikoni akitabasamu kama bwana harusi.

"Mama zangu, Blaine amekubali. Atatuchezea."

Blaine Dutka aliwahi kucheza ligi kubwa. Sasa ana miaka arobaini na moja, goti lake halikunjiki vizuri, na anaishi jiji la mbali.

"Anakuja bure?" Darlene aliuliza.

"Shemeji, nyota haji bure."

"Na nafasi anachukua ya nani?"

Orest akaangalia sufuria. "Tavish bado mdogo. Atasubiri."

Darlene akaacha kufinya. Tavish, beki wa miaka kumi na tisa, hukamua ng'ombe wa baba yake alfajiri, kisha huenda mazoezini. Msimu uliopita ndiye aliyekuwa akizuia mabao huku wakubwa wakihema.

"Kwa hiyo hela ya vijana ndiyo itakayokanda goti la mzee?"

"Watu watajaa kumwona."

"Watajaa mwaka huu. Mwakani utamleta nani, babu yake?"

Wanawake wakacheka, lakini mikono yao haikusimama. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Orest. Stefka, rafiki yake wa siku zote, akanong'ona, "Finya tu, mwenzangu. Wameshaamua."

"Finyeni ninyi." Akavua aproni, akaitupa juu ya unga.

Kabla wiki haijaisha, Tavish alisajiliwa na Dolna, mahasimu wa ng'ambo ya mto. Mechi ya kwanza ya Blaine ilikuwa dhidi yao. Darlene alipita mbele ya majirani zake wote, akaenda kukaa upande wa wageni, jambo ambalo mtu wa Krasne halifanyi hata mwanawe akichezea kule.

Orest akamfuata, uso umemwiva.

"Shemeji, unatuaibisha. Rudi kwetu."

"Kwetu mmemfukuza. Kule anacheza." Akamwonyesha Tavish kwa kidevu.

"Lakini si unaona uwanja ulivyojaa?"

"Naona. Sogea, unaniziba."