Blanketi za Sekondi

Juzi nililala katika hoteli moja kule Nanyuki, na kabla hata sijavua viatu nikaivuta blanketi kitandani, nikaitandaza sakafuni, nikapiga magoti na kuanza kuitafutia kasoro. Mume wangu akaniuliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia aniache. Tumsamehe tu, yeye si wa Nyeri, na mamake hakuwa mkaguzi wa kiwanda.

Wangu alikuwa. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, mtaa wetu mzima uliishi kwa kiwanda cha blanketi kilichokuwa kando ya mto. Honi yake ya asubuhi ndiyo iliyotuamsha, na ndiyo iliyowaambia akina mama waepue uji. Tukishuka mtoni tulijua rangi ya siku, maana maji yaliteremka mekundu au ya kijani, nasi tukaoga humo humo na kwenda shule na masikio ya kijani. Mwalimu hakushangaa. Kila kitu kilinuka kondoo aliyenyeshewa, hata kitabu cha nyimbo cha kanisani. Siku hizi watu wangeandamana. Sisi tuliona raha tupu.

Kazi ya mama ilikuwa kusimama kwenye meza ndefu na kupitisha kila blanketi chini ya vidole vyake. Akipata mahali uzi umeruka, alishona hapo uzi mwekundu, na blanketi hiyo ikaitwa sekondi, yaani ya daraja la pili. Zile safi zilipanda lori kwenda Nairobi. Sekondi waliuziwa wafanyakazi, kwa hivyo mji wetu wote ulijifunika sekondi. Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani hiyo ndiyo aina bora kabisa, ati ndiyo maana imetiwa alama. Nilipokwenda shule ya bweni niliwatangazia wasichana wenzangu kwamba kwetu hatujifuniki kitu kingine ila sekondi. Walinicheka muhula mzima, na jina likanishika. Wako wanaoniita hivyo hadi leo.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mjane kutoka upande wa Kakamega, mfumaji ambaye mashine yake haikusimama hovyo. Mama akipika githeri, bakuli moja lilivuka ua. Jirani akipika mrenda, bakuli lilirudi limejaa. Sisi watoto tulikula pande zote mbili na kukana pande zote mbili. Jirani aliongea kutwa, mama alinyamaza kutwa, na hivyo walielewana sana.

Halafu kiwanda kikafa, tena polepole. Blanketi za ng'ambo zilijaa madukani, zikajaa na sokoni Karatina, zamu moja ikaondolewa, kisha nyingine. Jumatatu moja honi haikulia. Mji ulichelewa kuamka, na watu wakasimama milangoni na vikombe mkononi wasijue waende wapi. Familia zikaanza kufunga virago. Jirani alipanga sufuria zake ndani ya sanduku la mbao, akasema akikosa kazi kufikia mwisho wa mwezi atarudi kwa wakwe zake. Sisi tulikuwa tumetafutiwa nafasi kwa mjomba kule Kangari, tukachume majani chai. Niliichukia Kangari kabla ya kuiona.

Wanawake ndio waliokataa. Tisa kati yao, mama na jirani wakiwemo, waliomba ukumbi wa kanisa, wakaomba na mashine mbili za mkono zilizokuwa zikiliwa na mchwa nyuma ya stoo ya kiwanda, wakamwita seremala. Manyoya ya kondoo waliyapata kwa wakulima wa huko juu, wakayaosha na kuyasokota wenyewe mpaka vidole vikapasuka. Hoteli moja ya Nanyuki ikakubali kuwajaribu: blanketi thelathini, tayari Ijumaa, sekondi isiwemo hata moja. Zikipokelewa, tunakaa. Zikikataliwa, jirani na sanduku lake, na sisi Kangari.

Alhamisi mama aliunganisha mabenchi mawili ya kanisa, akakagua. Ishirini na nane zilipita. Mbili za mwisho alizifuma jirani, kwa haraka, macho yamechoka. Mama alizigeuza, akazigeuza tena, kisha akachukua sindano.

"Lakini dada, nani ataona?" mmoja wa wale tisa akamuuliza. "Si ni wageni tu watalala hapo."

"Mimi nimeona," mama akajibu.

Jirani alisimama. "Hawa watoto wako nimewalisha na mkono yangu. Leo unanishonea uzi?"

Mama alimaliza kushona, akakata uzi. Jirani akachukua kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Siku hiyo nilimchukia mama, nasema wazi.

Ijumaa msimamizi wa hoteli alikuja na pikapu. Mama hakungoja ahesabu. Alimwambia ziko ishirini na nane, akamwonyesha na zile mbili. Yule bwana alizileta mwangani, akazikodolea macho. "Hii makosa mimi singeona," akasema. Kisha akaliendea lile rundo jingine na kulipakia bila kufunua hata moja. Alipowasha gari aliagiza hamsini zaidi.

Jioni hiyo tulisikia sufuria za jirani zikirudi moja moja kwenye misumari ukutani. Hata hivyo alikaa wiki tatu bila kumsalimia mama. Ya nne akaleta mrenda. Miaka ya baadaye alikisimulia kisa hicho kwa majivuno, utadhani sindano ilikuwa yake.

Siku hizi wafumaji wana jengo la mawe, na wasichana hufuma huku simu zikiwaimbia. Mto umetakata. Palipokuwa kiwanda pameota nyasi, na honi naikosa, sitaficha.

Jirani alifariki mwaka juzi. Wakwe zake walikuja na basi kumchukua akazikwe kwao, kama desturi, wakamkuta mama, uzee na mkongojo, amekaa mlangoni mwa marehemu. Aliwaambia huyu alisema atalala hapa. Walibishana siku mbili, mpaka watoto wa jirani wenyewe wakasimama upande wa mama. Tulimzika kwenye shamba letu, chini ya mibuni.

Nikienda nyumbani mama hunipeleka pale. Mara ya mwisho alichora mstari ardhini kwa mkongojo, hatua tatu kutoka kaburini. "Mimi mtaniweka hapa," akasema. "Msinisongeze sana karibu. Huyu huongea."