Kichujio Changu na Kimya cha Saa Kumi

Kuna watu Kakuma bado wananiita Kichujio, na nikilisikia hilo jina naangalia viatu vyangu, kwa sababu walionipa walikuwepo na walichokiona ni kweli.

Ilikuwa 2013. Niliacha shule darasa la sita, nikazurura Lowarengak, nikazurura Lodwar, hadi nikafika Kakuma kwa Mwalimu Ekai, mtu mwenye leseni ya redio ya kujifurahisha, ile ya kuongea na watu wa mbali bila simu. Jirani yetu Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeuza chai, alikuwa hajapata habari za mama yake miaka miwili. Kijijini kwao hakuna netiweki, lakini Mwalimu alimpata mwenzake wa redio upande ule, wakaahidiana kwamba Jumamosi saa kumi jioni habari za yule mama zitasemwa hewani.

Shida ilikuwa kelele. Redio ilinguruma kama nyuki ndani ya debe, na Mwalimu akasema tuiache tu, sauti itasikika kwa chini. Mimi nikakataa, nikasema nitatengeneza kichujio (nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja, tena uliochanika), nikazungusha waya wa shaba kwenye kichupa cha dawa, nikaongeza vidude viwili vya redio mbovu, na badala ya kukijaribu asubuhi kwa stesheni yoyote, nikakificha mfukoni ili watu wakione kikifanya kazi. Hapo ndipo nilipojiponza.

Saa kumi ilipokaribia watu walijaa hadi mlangoni. Nikakichomeka kati ya antena na redio, kelele ikakatika kabisa, wakapiga makofi, nami nikawapungia mkono kama mbunge. Tukangoja. Nikamwambia Mama Achol awe na subira, huo ndio usafi wa sauti wenyewe. Robo saa nzima tulisikiliza kimya, yeye sikio limegusa spika, hadi Mwalimu akanyoosha mkono akakichomoa. Kelele ikarudi, na ndani yake sauti ya yule mwenzake wa redio ikimalizia kuaga. Mwalimu aliita na kuita, asijibiwe.

Kinyozi wa duka la pili akauliza kelele yenyewe ilikuwa inatoka wapi. Mwalimu akamwambia ni inveta ya sola ya kinyozi mwenyewe, kile kigeuza-umeme cha mashine zake za kunyolea.

"Si mngeniambia tu nizime, ndugu zangu? Leo hata mteja sina."

Watu wakacheka. Mama Achol hakucheka.

"Kelele nilikuwa nimeizoea, mwanangu," akaniambia. "Ningemsikia humo ndani."

Miezi miwili baadaye msafiri alileta habari. Siku ile, kabla ya yule mwanamume kuaga, aliyeongea alikuwa mama yake Mama Achol mwenyewe, aliyetembea tangu alfajiri kufika penye redio. Sasa alikuwa ameshazikwa, na msafiri hakujua alisema nini.

Redio bado nazipenda. Lakini kabla sijagusa waya wowote, napita kwanza kwa majirani, mlango kwa mlango, naomba wazime vitu vyao.