Tumechoka na Mfalme

Shangazi yangu alishona mapazia ya ikulu kwa miaka thelathini na moja, na mtu asikudanganye kwamba mapinduzi yetu yalianzia kwenye mkutano wa wasomi. Yalianzia kwenye magoti yake.

Mfalme wetu hakuwa mkatili. Ukatili unataka mpango, na mpango yeye hakuwa nao. Alimteua kinyozi wake kuwa waziri wa madaraja, akazindua daraja moja mara tatu, na mara zote tatu halikufika ng'ambo. Tulicheka, tukasema bora liende. Lakini alipoamuru pampu ya mtaa wetu ihamishiwe juu ya kilima, eti maji yateremke yenyewe, kicheko kilitukauka. Kule juu hakukuwa na hata tone. Kila asubuhi Shangazi akawa anapandisha ndoo mbili kutoka mtoni, magoti yakimuuma, kisha anakwenda kumshonea mapazia bwana huyo huyo.

Jumanne moja alitua ndoo sakafuni. "Maji yamenifika shingoni," akasema, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba maji ndiyo hasa tusiyokuwa nayo.

Akatandika pazia jekundu lililobaki kazini, akaanza kushonea herufi nyeupe: TUMECHOKA NA MFALME. Mumewe, mwalimu mstaafu ambaye huwasahihisha hata watu msibani, akaruka.

"Mama watoto, hiyo 'na' itatuponza! Sema 'tumemchoka'. Hapo inasomeka kama sisi na mfalme wote tumechoka."

"Nani asiyeelewa? Mtaani tunasema hivyo hivyo."

"Sarufi haina mtaa."

"Na mimi nimeshapiga mishono miwili miwili. Sifumui."

Kesho yake tukasimama langoni mwa ikulu, watu kama mia mbili. Askari wakauliza tunataka nini, tukajibu wote kwa pamoja, hakusikika hata mmoja. Mfalme akatoka mwenyewe, kwa kuwa mtu wa kumzuia alikuwa likizo na wa kumkumbusha hilo naye alikuwa likizo. Akalikodolea macho bango letu.

"Hili si pazia langu?"

Mishono ile ya miwili miwili, ikulu nzima walijua ni ya nani. Nilishikwa na hofu ya kweli, maana mfalme alikuwa akimfunga mtu, basi, anamsahau. Shangazi akapiga hatua mbele.

"Ni lako, Mtukufu. Nimeshona mimi."

Mfalme akasoma kwa sauti, neno moja moja, kisha midomo ikaanza kumtetemeka. "Tumechoka na mfalme," akarudia. "Mama, nani amekwambia kwamba na mimi nimechoka?"

Mwalimu akaguna kwa uchungu wa mtu aliyeonya asisikilizwe.

Shangazi angenyamaza tu, tungerudi nyumbani salama. Lakini kunyamaza hakujaliwa. "Hujanielewa, Mtukufu. Ni wewe tuliyekuchoka. Hatuna maji."

"Hilo nalo nimelielewa," akasema mfalme, akakaa kwenye ngazi. Alivishwa taji akiwa na miaka tisa, alisema, na tangu siku hiyo watu humletea karatasi, naye husaini ili waondoke. Akaomba kalamu. Akaandika kwamba pampu irudishwe leo hii, na chini yake kwamba yeye mwenyewe anaondoka. Safari hii alisoma kabla ya kusaini. Umati ukalipuka kwa vigelegele, Shangazi akainuliwa mkono kama bondia.

Katikati ya kelele zile mfalme akamvuta nguo. "Na wewe, mama? Umechoka tangu lini?"

Mbele ya bunduki Shangazi hakutetereka. Lakini swali lile hakuna aliyewahi kumuuliza, si mumewe, si wanawe, wala mimi niliyekunywa maji aliyoyabeba. Alikaa kwenye ngazi kando ya yule mtu tuliyekuja kumwondoa, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, na mfalme akasogea kidogo kumpa nafasi.