Kasoro Moja ya Saa ya Dhahabu ya Baba

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa Makongeni, Thika. Huwa nawasoma tu kimya kimya mkitukanana, nacheka, nalala. Leo nimeamua kuandika, na ni ya kweli yote. Kwa umri huu wangu nikidanganya nitamdanganya nani?

Wiki jana mjukuu wangu aliniletea collector, mtu wa kununua vitu vya zamani, kutoka Nairobi aone saa ya marehemu baba yangu. Ni saa ya dhahabu, nyembamba, zile za kuvaliwa na suti, ya miaka ya hamsini.

Jamaa akaweka kale kadarubini kake jichoni, akaiangalia hadi chai ikapoa. Akasema dial, uso wa saa, ni ile ile ya mwanzo, haijawahi kupigwa polish, hajaona nzuri hivi siku nyingi. Kasoro ni moja tu. Kale kakichwa ka pembeni kamelika upande mmoja.

(Kwa wale mnaoangalia saa kwa simu: saa za zamani hazina betri. Unazungusha hako kakichwa kila siku ndio itembee. Tulikuwa tunaita kutia ufunguo.)

"Cucu, hii ilikuwa inatiwa ufunguo ikiwa imevaliwa mkononi. Inaumia. Nani alikuwa anafanya hivyo? Fundi hawezi."

Haiya! Nilicheka mpaka nikatoa machozi. Aliyefanya hivyo alikuwa fundi wa saa, tena alikuwa bwana wangu.

Sasa tulieni niwaeleze.

Baba alifanya kazi ya nyumba kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, huko Ruiru. Mzungu akarudi kwao, akamwachia baba ile saa pamoja na barua ya kuonyesha amempa. Enzi hizo Mwafrika ukiwa na dhahabu mkononi swali ni moja, umeiba wapi. Kwa hivyo saa ilikuwa mkononi na barua mfukoni, kila siku.

Baadaye saa ikaharibika. Baba akaendelea kuivaa hivyo hivyo. Kanisani mahubiri yakirefuka anavuta mkono wa koti, anaiangalia, kisha anamwangalia mhubiri. Na mhubiri alikuwa anafupisha, nawaambia! Hakuna aliyejua imesimama.

Mimi nilikuwa msichana, nachagua kahawa kiwandani. Nikampenda Kamau, fundi wa saa aliyekaa kwa veranda ya duka moja huku Thika. Alikuwa analala Ruiru kwa shangazi yake, asubuhi baiskeli kwenda Thika, jioni baiskeli kurudi.

Alipokuja kwetu kuniposa, baba alimkataa peupe. "Mwanaume gani anashinda kivulini akichungulia vitu vya watu? Ng'ombe hana, shamba hana."

Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu. Jumamosi moja baba akiwa anaoga, nikaiba ile saa nikampelekea Kamau kwa shangazi. Nilijua akiitengeneza, baba atamheshimu.

Kumbe ilikuwa vumbi tu na mafuta yaliyokauka. Aliisafisha, na alasiri hiyo hiyo akaileta mwenyewe. Wakati huo baba alikuwa amegeuza nyumba juu chini akiitafuta.

Baba akaiweka sikioni. Uso wake ukalegea kabisa. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

"Sawa. Umetengeneza. Enda."

Kamau hakuondoka. Akasema, "Mzee, hizi za dhahabu zina ugumu wake. Inataka kutiwa ufunguo kila asubuhi, na kale kakichwa ni kadogo sana, kanataka mkono wa fundi. Ukikosea springi inakatika. Mimi hupita hapa kila siku..."

Wakuu, uongo mtupu! Hata mtoto anaweza.

Baba alimwangalia. Akaniangalia mimi. "Basi uwe hapa saa kumi na mbili na nusu. Usichelewe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Kamau anaegemeza baiskeli, baba anatoka, ananyoosha mkono. Haivui. Kamau alijua vizuri saa haitiwi ufunguo ikiwa mkononi, lakini nani angemwambia yule mzee avue? Akawa anaushika ule mkono, anazungusha pole pole.

Mwanzoni ilikuwa salamu tu. Halafu wakaanza kuongea mvua. Halafu kahawa. Baada ya miezi michache mama akawa anatoa vikombe viwili vya uji. Lakini mambo ya posa, baba hakutaja hata siku moja.

Sasa ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mkikuyu huwezi kutoka Ruiru kwenda Thika bila pass, kibali cha serikali. Kamau alikuwa nayo. Lakini jioni moja askari walifungua mfuko wake wakapata springi, waya, vyuma vidogo vidogo. Wakasema hivyo ni vya kutengeneza bunduki, wakampeleka kambini. Waliochukuliwa hivyo, wengine walirudi baada ya miaka. Wengine hatukuwaona tena.

Asubuhi baba alikuwa nje saa kumi na mbili na nusu, mkono tayari. Aliyekuja ni shangazi, analia.

Kesho yake saa ikasimama. Nikamwambia, "Baba lete nikutilie, nimeona vile anafanya."

Akauvuta mkono. "Wacha. Mwenyewe atakuja."

Nikaenda jikoni kulia. Mama akaniangalia hivi. "Wewe, unafikiri baba yako hajui kutia saa ufunguo? Kwa yule mzungu kulikuwa na saa saba za ukutani. Kila Jumapili ni yeye alizitia zote."

Woi. Nilikaa chini kwa kuni. Alijua ule uongo tangu siku ya kwanza!

Siku ya tatu baba akavaa koti la kanisani. Mama akamshika, akamwambia ukienda kumtetea watakuweka huko pia. Akaenda. Nikamfuata nyuma nyuma mpaka mlangoni pa ofisi ya kambi.

Afisa, mzungu kijana, aliona saa kwanza. Baba akatoa barua. Akaisoma, akaiangalia saa tena. "Lakini imesimama."

"Ndiyo, bwana," baba akasema. "Imesimama kwa sababu mmemshika mkwe wangu. Yeye ndiye anaitia ufunguo."

Mkwe wangu! Hakuwa ameniambia mimi, hakuwa amemwambia mtu.

Afisa akaagiza Kamau aletwe. Uso ulikuwa umevimba. Baba akamnyooshea mkono, bila kuivua. Kamau akaushika, akazungusha. Ikaanza kulia tik tik, sote tukasikia. Afisa akaturudishia ule mfuko, akasema tuende.

Tulipofika nje baba akamwambia, "Umechelewa siku tatu."

Tulioana mwaka huo huo. Baba hakuwahi kumwambia Kamau kwamba alijua, na mimi sikuthubutu. Mpaka anaaga dunia alikuwa akituona ananyoosha mkono. Saa alimwachia Kamau, na Kamau ameniachia mimi. Nimemkosa sana, wakuu, wacha niseme tu.

Collector alinitajia bei nzuri. Akasema ataweka kichwa kipya. Nikamwambia anywe chai yake aende salama.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mzee wako "leta nikufanyie, hujui," kaa kidogo. Pengine anajua. Ni mkono wako anataka.

Siku hizi mjukuu wangu Wambui, jina lake ni langu, hupita kwangu kila asubuhi akienda kazi Juja. Nimemwambia vidole vyangu vimekufa ganzi. Basi ananishika mkono, ananitilia ufunguo, ananiambia habari za ofisi.

Semeni na nyinyi, kwenu ni nani hunyoosha mkono? Nitasoma zote, macho yangu ni mazuri.

Na vidole pia. Uzi huu wote nimeuchapa mwenyewe. Msimwambie Wambui.