Salamu kwa Bibi Nisiyemsikia

Kaa hapa karibu nami, maana jambo hili nalieleza polepole. Nilikuwa muuguzi kijana katika zahanati ya kijiji cha ujamaa, upande wa Mtinko, mwaka ule watu walipohama maboma yao ya zamani.

Aliletwa baba mmoja, mkulima wa uwele, hajala siku tatu. Alikuwa akimsikia marehemu mama yake akimwambia kwamba chakula cha kijiji kipya kina sumu. Tabibu aliniambia wazi kuwa asipokula hatutakuwa naye wiki ijayo.

Nilimkuta kitandani amegeukia ukuta, mkewe kando na kibuyu cha uji.

"Nyamaza," mgonjwa akaniambia, "mama anaongea."

Nimelelewa kwamba huingii mahali alipo mzee ukapita kimya. Mdomo ukanitangulia: "Shikamoo, bibi."

Akakaa wima ghafla. "Kumbe na wewe unamsikia!" Akakisukuma kibuyu, uji ukamwagika. "Mke wangu, umeona? Nesi amemwamkia! Nyie mlisema nina wazimu."

Mkewe akanitazama. "Mwanangu, umetumaliza."

Nilitamani kukimbia. Badala yake nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni pake, asione kama namhoji.

"Baba, nisamehe, nimekosea. Mimi simsikii. Nilisalimu kwa mazoea tu. Ila najua wewe unamsikia kweli, na naona amekutia hofu."

"Humsikii hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

"Sasa ulimwamkia nani, kitanda?"

Mkewe akacheka, kisha akajiziba mdomo. Mwenyewe naye midomo ikamcheza.

Nikamuuliza mama yake anasemaje sasa hivi. Akasema ni yale yale ya sumu. Nikaomba uji mwingine, nikanywa mbele yake bila haraka, mkewe naye akanywa.

"Bado anafoka," akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kibuyu. Alikunywa nusu.

Sauti haikuondoka siku ile, na dawa ilichukua majuma kadhaa kumtuliza. Ila alikuwa anakula, na mgonjwa anayekula anaweza kuisubiri dawa.

Nawe utaweza, hata kama hukusomea uuguzi. Ukikaa na mtu anayesikia sauti, usibishane naye, wala usijifanye unazisikia. Mwulize kwa upole zinamwagiza afanye nini. Zikimwagiza ajidhuru au amdhuru mwingine, usimwache peke yake. Mpeleke kwa tabibu siku hiyo hiyo.