Siku Ata Alipopeleka Habari Maktabani

Kila nikisikia kiti cha chuma kikiburutwa kwenye sakafu ya saruji, iwe kanisani au mkahawani Nairobi, mwili wangu hurudi Isiolo kabla sijaamua kurudi. Namwona nyanya yangu akijivutia kiti katikati ya maktaba, kile kiti kikilia kama mbuzi aliyekanyagwa, na vichwa vyote vikiinuka kututazama. Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Lakini nikuambie kwanza kilichotufikisha pale.

Tuliishi Kulamawe. Mama alikuwa na kiduka cha sukari, unga na viberiti. Baba alikuwa na ng'ombe. Kaunti ilikuwa bado changa, watu wakilitamka neno lenyewe kwa uangalifu kama jina la mgeni, wakati mama alipojifungua mdogo wangu Ekiru. Alizaliwa mnene, mwenye sauti kubwa, ila nyayo zake zote mbili zilikuwa zimegeukia ndani, zikitazamana kama watu wawili wanaonong'onezana. Ata, ndivyo tulivyomwita nyanya kwa Kiturkana, alizikanda kila jioni kwa mafuta ya kondoo. Nyumba nzima ilinuka mafuta yale mazito, matamu kidogo, na ngozi ya mtoto ikang'aa kwa mwanga wa moto. Alizisukuma nyayo zielekee nje, akazishikilia huku akiimba. Akiziachilia, zilirudi ndani taratibu, bila ubishi.

Majirani walisema mama aliruka kamba ya ndama akiwa mjamzito. Wengine walisema ndivyo Mungu alivyopenda.  Baba nilimwona akimtazama mtoto, kisha akitazama kule mbali ng'ombe wanakopotelea kwenye vumbi, na hata mimi, mtoto wa darasa la tatu, nilijua alikuwa akipima umbali. Kwetu mtu huishi kwa kutembea. Asiyetembea huachwa nyuma pamoja na wazee na mbuzi wagonjwa.

Jioni moja nikataka kujionyesha. Nikasema mwalimu ametuambia kuwa Isiolo mjini kuna nyumba ya vitabu, yeyote anaingia, anauliza anachotaka kujua, na halipi hata shilingi.

Mikono ya Ata ikasimama juu ya miguu ya mtoto. "Nyumba ya habari?"

"Ya vitabu, Ata."

"Si ni kitu kimoja?"

Siku ya soko la mifugo tukapanda lori la mbuzi, Ata mbele na Ekiru mgongoni, mimi katikati yake na dereva. Njia nzima midomo yake ilicheza bila sauti. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anapanga habari. Kwetu mtu hafiki mahali akaanza kuuliza. Hukaa kwanza, akasema ametoka wapi, njiani ameona nini, nani ameoa, kisima gani kimekauka. Akishatoa, ndipo anapewa. Ata hangeweza kuingia katika nyumba ya habari na mdomo mtupu, kama vile hangeenda kumtazama aliyejifungua bila maziwa.

Habari moja tu hakuwa na ruhusa nayo. Wakati kaunti nzima ilikuwa imegeuka vumbi, wingu moja lililopotea njia lilikuwa limemwaga mvua nyuma ya vilima, upande wa pili wa Kulamawe, na majani yalikuwa yameota. Baba alikuwa ametukusanya wote na kusema, "Hata kwa mchungaji wa kanisa, msiseme." Majani yale yangewafikisha ng'ombe wetu kwenye mvua nyingine, kama tungekuwa peke yetu.

Maktaba ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya vioo vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na jua liliingia kwa vipande, likalala juu ya meza kama vitambaa. Vitabu vilisimama ukutani hadi juu, vimegeuza migongo. Ilinuka karatasi, vumbi na rangi ya sakafu. Nilikuwa sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakiwa kimya. Niliwaza labda wote wameota ndoto moja na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuamka.

Ndipo Ata akavuta kile kiti.

"Habari zenu nyote," akasema, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya lugga, ule mto wa mchanga. "Mimi nimetoka Kulamawe. Kwetu watu wako wazima. Kisima cha shule pampu imeharibika, tunachota kwa kamba. Yule mzee wa kuuza chumvi alilala hakuamka, tumezika juzi. Nzige sijaona. Barabara ni mbaya pale kwa daraja, lori inapita kando."

Vijana watatu waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne walifunika nyuso kwa vitabu. "Maze, shosho ameleta taarifa ya saa moja," mmoja akanong'ona. "Bado michezo na hali ya hewa," mwingine akajibu, na meza ikatetemeka kwa kicheko.

Mkutubi akaja mbio, kidole tayari mdomoni. Alikuwa kijana mwembamba kutoka milima ya Meru, jina lake Kirimi, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. "Cucu," akasema, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, "hapa hatuongei. Hapa tunasoma."

"Sawa, mwanangu. Namaliza sasa hivi, ndiyo niulize."

Wakati huohuo Ekiru akajinyoosha mgongoni, na miguu yake ikatokeza nje ya shuka. Kirimi akaiona. Kidole kikashuka. Akatazama saa ya ukutani, akawatazama wale vijana, kisha akavuta kiti chake mwenyewe, nacho kikapiga kelele vilevile, akaketi mbele ya Ata.

"Endelea, cucu."

Ata akamalizia na ndoa moja na punda aliyepotea. Kisha akamweka mtoto mezani, katikati ya magazeti. "Nauliza hii miguu. Huyu atatembea?"

Wale vijana wakashusha vitabu.

Kirimi alikwenda kwenye rafu akakaa huko muda mrefu. Alirudi na kitabu kinene cha Kiingereza, akafungua picha ya mtoto mwenye miguu kama ya Ekiru, akatusomea polepole, akigeuza kila sentensi kuwa Kiswahili. Si laana, kitabu kilisema. Si kosa la mama. Mfupa wa mtoto bado ni laini. Unawekwa plasta, unatolewa, unawekwa nyingine, mguu unanyooka kidogo kidogo. Ata aliinamia picha ile akazigusa nyayo kwa kidole, kana kwamba karatasi ingekuwa na joto.

"Nani anafanya hii kazi? Wapi?"

Kirimi alifungua kurasa mbele na nyuma. Kitabu kilikuwa kimeandikwa mbali sana. "Hicho hakijasema, cucu," akasema, akakifunga polepole. Kisha akafanya jambo ambalo naamini hakuna mkubwa wake aliyewahi kumfundisha. Alisimama akauliza chumba kizima, kwa sauti: "Jamani, kuna mtu amewahi kuona mtoto wa hivi akitibiwa?"

Mzee mmoja aliyevaa kofia ya Kiislamu, aliyekuwa pembeni na gazeti, akalikunja. "Salaam aleikum, mama. Mimi naitwa Guyo, natoka Korbesa. Mtoto wa dada yangu alikuwa hivyo hivyo, hata yeye alikuwa mbaya zaidi. Sasa anasumbua mbuzi."

Akatueleza kila kitu: hospitali ya misheni kule juu upande wa Meru, siku ya wiki wanayotibu miguu, mlango wa nyuma kando ya tangi la maji, tusikubali kuambiwa mtoto angoje akue. Nikarudia yote kwa Ata hadi akayashika. Akamshukuru, akamfunga mtoto mgongoni, tukafika mlangoni.

Pale mlangoni akasimama. Nilimwona akitazama nje, jua na vumbi, mbuzi wembamba wakipelekwa sokoni. Kisha akageuka, akarudi hadi kwa mzee Guyo.

"Ng'ombe wa Korbesa wako namna gani?"

"Wanaanguka, mama. Tunawainua kwa mkono."

"Nyuma ya vilima vya kwetu kuna majani," Ata akasema. "Pitia upande wa jua likizama. Ukikuta mwanangu, mwambie mama yake ndiye amekuambia."

Nikamvuta shuka. Hakunitazama.

"Cucu," Kirimi akasema alipotusindikiza, "hapa habari hazilipiwi."

"Kuna mtu alizilipia," Ata akajibu.

Ekiru aliwekwa plasta wiki baada ya wiki, kisha viatu vilivyounganishwa kwa chuma, ambavyo alilala navyo miaka mingi akilia na kutupiga mateke usiku. Ng'ombe wa Korbesa nao wakaja. Baba alisimama nje akihesabu vumbi lao, akaingia ndani, akamkuta mama yake amempakata mtoto mwenye miguu myeupe ya plasta, akatoka tena. Majani yaliisha kabla ya mvua. Tulipoteza ng'ombe, na mmoja wao ni yule mwekundu niliyekunywa maziwa yake tangu nizaliwe. Nilimlilia, na kwa muda mrefu niliamini kuwa Ata alikuwa amezeeka, mdomo umemponyoka.

Nilikuwa mtu mzima, nimekaa kwenye maktaba nyingine mbali sana na kwetu, nilipoelewa. Nilikuwa nasoma kurasa ambazo hazipungui zikisomwa, na nikajiuliza ni nani aliyelipa ili mimi nijue bure. Ata alijua kile chumba kilikuwa na utajiri wa namna mbili: ule uliosimama ukutani, na ule uliokaa vitini ukiogopa kukohoa. Alijua pia kuwa habari yake, tofauti na ya kitabu, ingekwisha ikishatolewa. Akaitoa hata hivyo.

Likizo zikifika Ekiru huandamana na baba malishoni, na akiwa na miguu ile mepesi ndiye anayetumwa mbele kutafuta majani. Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani alirudi jioni akihema, akasema ameyaona, mengi, mabichi. Baba alimpa maji kwanza. Kisha akamuuliza kama wa Korbesa wameshaambiwa.