Kitanda cha Daktari Fiorenza

Kwa miaka ishirini na sita Daktari Fiorenza Malvestiti aliwaambia watu wa London kwamba baba yake alikuwa seremala wa samani. Ilikuwa kweli kwa kiasi. Mzee Malvestiti alikuwa na karakana mjini Cremona, kwao Italia, na alipiga randa kutwa, ila alichokuwa akitengeneza ni majeneza. Kazini alikuwepo mtu mmoja tu aliyeijua habari hiyo, na aliambiwa kwa sababu alikuwa hasemi.

Mtu huyo ni Matar, Mpemba wa Wete, mlinzi wa ukumbi wa pili katika makumbusho madogo ya samani jirani na Stratford. Kazi yake ni kusimama na kuangalia watu wasiguse vitu. Kwa mwenye haya kama yeye, ingekuwa vigumu kupata kazi bora zaidi. Kila siku saa nne Daktari huja na vikombe viwili vya chai, akakalia kiti cha mlinzi, akazungumza.

Hivyo ndivyo Matar alivyoyajua maisha ya Daktari, kipande kipande. Alisoma historia ya sanaa Padua huku akisafisha vyumba vya hoteli. Aliandika tasnifu nzima juu ya kitanda kimoja kilichochorwa kwenye ukuta wa kanisa. Alikuja London kwa miezi mitatu kupanga maonyesho ya makabati, akaolewa na mwenye makabati, wakaachana, makabati yakabaki. Makumbusho yakampandisha cheo mpaka akawa msimamizi mkuu. Katika mambo ya vitanda hakuna aliyembishia. Alikuwa akishika mguu wa kitanda anakutajia mti wake na umri wake.

Mwaka huu anastaafu. Maonyesho yake ya mwisho ni ya vitanda vya arusi, na yalikuwa yafunguliwe Alkhamisi.

Jumatatu wabebaji walileta ukumbi wa pili kitanda kutoka stoo, mali ya ofisa wa Kiingereza aliyewahi kukaa Unguja. Kilikuwa na miguu mirefu ya kuchongwa, na kamba zake zimesukwa zikaacha uwazi mrefu katikati. Daktari akatandika shuka nyekundu, akaweka mito miwili, akamwaga asmini za kitambaa. Kibao kilisema ni kitanda cha bibi arusi wa Zanzibar, na uwazi ule ni wa kupitisha hewa, kwa sababu ya joto.

Matar alikitazama zamu nzima. Uwazi haukuwa wa hewa, ulikuwa wa maji. Kile kilikuwa kitanda cha msikitini, cha kuoshea maiti. Baba yake alikuwa mwoshaji, na yeye mwenyewe huitwa kuosha hapa hapa London, isipokuwa hapa ni meza ya chuma na mpira wa maji.

Mlangoni palikuwa na bango la maonyesho lenye picha. Daktari amekaa juu ya kitanda hicho, ameegemea mto, anacheka.

"Umemwambia?" Haifa, mkewe, alimuuliza Jumanne jioni nyumbani kwao Thamesmead.

"Ana shughuli nyingi."

"Baba Malak, Alkhamisi anakwenda Bi Sheikha na jumuiya nzima ya Wazanzibari. Watamkuta Mzungu wa watu katia asmini kitanda cha maiti. Watacheka mpaka wafike majumbani kwao, na yeye ataondoka kazini na kicheko hicho mgongoni."

"Mimi nimeishia darasa la saba, Haifa. Nimwambie daktari wa vitanda kwamba hajui vitanda?"

"Mwambie hajui maiti. Hilo hatalichukia."

Jumatano saa nne chai ilikuja. Matar alikishika kikombe mpaka kikapoa.

"Daktari, kitanda hiki mtu hulala mara moja tu."

"Usiku wa arusi?"

"Hapana. Akishalala haamki. Sisi tunamwosha."

Daktari aliweka kikombe chini. Akaondoa mito, akaondoa shuka, akapiga magoti. "Nioneshe," alisema.

Matar alimuonesha. Kichwa hukaa huku. Waoshaji husimama hapa. Maji huanzia upande wa kulia, hupita kwenye uwazi, huingia kwenye mfereji uliochimbwa chini. Katika dakika kumi zile alisema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Daktari alipitisha vidole chini ya ubao, pale ulipoliwa na maji.

"Na mimi niliandika hewa," alisema. "Kwenye kitabu changu cha vitanda."

"Kiliuzwa sana?"

"Nakala mia mbili."

"Basi si wengi."

Daktari akakaa sakafuni. "Baba yangu angekijua kwa kukitupia jicho. Mimi nilikimbia nyumbani nisione tena mbao za maiti."

Matar akampa chai yake iliyopoa. Daktari akainywa.

"Nikirudishe stoo?" aliuliza.

"Kitanda hakina kosa. Mito tu."

Alkhamisi bango halikuwepo. Kitanda kilikuwa peke yake karibu na mlango wa kutokea, kitupu, na kibao kipya. Bi Sheikha alikuja na watu wake, akasoma, akanyanyua mikono akawaombea marehemu wake. Kisha akauliza, "Nani kawaambia hawa?"

Jibu lilikuwa mistari miwili ya mwisho ya kibao: kwa maelezo ya Matar Khelef, mlinzi na mwoshaji, kimeandikwa na Fiorenza Malvestiti, binti wa mtengeneza majeneza. Bi Sheikha hakuiona, kwa sababu Matar, tangu milango ifunguliwe, alikuwa amesimama mbele ya mistari hiyo, anawaangalia watu wasiguse vitu.

Daktari alimjia taratibu.

"Bwana Matar, sogea kidogo. Umemziba baba yangu."

Matar akasogea.

Nusu hatua.